Kituo cha pembeni

Siku niliyokabidhiwa kituo, kitu cha kwanza kuoneshwa kilikuwa shimo. Lilifunikwa kwa mbao zilizokazwa na skrubu za shaba, na ndani yake, kina cha mita moja hivi, kulikuwa na bomba la plastiki lililobeba kihisi kisichozidi urefu wa kiganja. Waya ulitoka hapo ukapita chini ya udongo mpaka kwenye kijumba chenye kompyuta, betri mbili na kisanduku cha elektroniki. Hiyo ndiyo iliyokuwa magnetomita yetu, kifaa cha kupima uga wa sumaku wa Dunia. Mzee aliyekuwa ameitunza tangu kituo kianze aliniambia mambo mawili tu: nisilisogelee shimo nikiwa na funguo mfukoni, na nisiache siku ipite bila kuandika kwenye daftari.

Nikamuuliza, "Mzee, na siku ambayo hakuna kilichotokea niandike nini?"

"Andika kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo siku watakayokuuliza."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimekuja na hamu ya dhoruba za sumaku. Nilishasoma jinsi Jua linavyotupa mawingu makubwa ya gesi yenye chaji na sumaku, jinsi wingu moja linavyoweza kuifikia Dunia kwa siku moja hadi nne, na jinsi usiku wa 13 Machi 1989 gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilivyoanguka ndani ya dakika moja na nusu hivi, watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa. Nilitaka kuwa miongoni mwa wanaoliona jambo kama hilo likija. Nilichopewa ni grafu ambayo kila siku ilipanda taratibu asubuhi, ikafika kilele karibu na adhuhuri, ikashuka jioni, kisha ikalala. Kesho yake vilevile.

Mstari huo wa kila siku una maelezo yake. Mwanga wa Jua huzivunja chembe za hewa ya juu na kuzipa chaji. Jua hilohilo huipasha hewa joto, upepo wa huko juu huzisukuma chembe kukatiza uga wa sumaku wa Dunia, na mikondo ya umeme huzaliwa kwenye kimo cha kilomita 110 hivi. Sisi wa chini hatuioni mikondo yenyewe. Tunaona sumaku yake ikijumlishwa kwenye uga wa Dunia, ambao kwenye uso wa sayari hii ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 kutegemea mahali (nanotesla ni kizio cha kupimia nguvu ya sumaku). Nyongeza ya mchana kwa kituo kama chetu ni nanotesla makumi machache. Ni sawa na kusikiliza mtu akinong'ona karibu na maporomoko ya maji, na ndiyo sababu funguo zilikatazwa.

Kilichonikatisha tamaa zaidi kilikuwa ramani. Ilibandikwa ukutani, na juu yake ulichorwa mstari wa ikweta ya sumaku, ule mstari ambao sindano ya sumaku hulala mlalo kabisa. Haufanani na ikweta ya kawaida; unapinda, mahali pengine unapita kaskazini yake, pengine kusini. Angani juu ya mstari huo, katika ukanda wa nyuzi tatu hivi za latitudo kila upande, mchana hupita mkondo mkali wa umeme unaoitwa mkondo wa ikweta, wenye nguvu ya kuinua grafu ya sumaku kwa nanotesla mia au zaidi. Watafiti wengi wa hali ya anga za juu katika maeneo ya tropiki wanautafuta mkondo huo. Kwenye ramani, kituo kimoja cha mtandao wetu kilikaa juu ya mstari barabara. Chetu kilikuwa nyuzi kadhaa kando yake, nje kabisa ya ukanda. Nikajiambia kwamba tumepewa makombo.

Kituo chetu ni mtoto wa mwamko ulioanzia Mwaka wa Kimataifa wa Fizikia ya Jua, 2007, ulioadhimisha miaka hamsini tangu Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958. Mwaka 2010 kazi hiyo iliendelezwa na mpango wa kimataifa wa hali ya anga za juu unaojulikana kwa kifupi cha ISWI. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza: mwanasayansi mwenye kifaa analeta kifaa na mafunzo, nchi mwenyeji inatoa mahali, umeme na watu. Kwa njia hiyo vifaa vidogo vya aina nyingi vilienea duniani: magnetomita, vipokezi vya GPS, vipokezi vya redio vya kusikiliza milipuko ya Jua kama vile CALLISTO kutoka Zurich, na antena za mawimbi marefu zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Setilaiti moja hupita juu ya mahali kwa dakika chache kisha ikaenda zake. Kifaa cha ardhini kinabaki palepale usiku na mchana, na hiyo ndiyo nguvu yake yote. Ila kubaki huko kunahitaji mtu.

Mwezi wangu wa tatu niliona dhoruba. Grafu iliruka ghafla kwa nanotesla sita hivi, ikabaki juu kwa saa kadhaa, ikarudi chini ghafla vilevile. Moyo ulinienda mbio. Niliandika barua pepe kwa waratibu wa mtandao nikaambatisha picha. Jibu lilikuja kesho yake: grafu za vituo vingine vitano za siku ileile, zote zimelala kama maji ya mtungini, na sentensi moja, "Tafadhali angalia kama kuna gari." Lilikuwapo. Mtu mmoja alikuwa ameanza kuegesha chini ya mti, hatua kama ishirini na tano kutoka shimoni, apate kivuli. Gari ni tani moja na zaidi ya chuma, na chuma hupinda uga wa sumaku. Nilipopitia faili za nyuma nikazikuta ngazi zilezile siku kumi na moja.

Aibu ilipoisha, lile jibu lilibaki kichwani. Waratibu hawakuhitaji kufika kituoni wala kukikagua kifaa. Waliweka mistari sita juu ya karatasi moja, na ukweli ukajitenga wenyewe. Jambo la angani haliji kwa kituo kimoja; linawagusa wote, kila mmoja kwa kiasi chake. Linaloonekana kwako peke yako ni la kwako peke yako: gari, mashine ya kukata nyasi, geti la chuma lililofunguliwa. Tangu hapo kila kitu cha chuma kilichosogea kilipata mstari wake daftarini, na saa yake.

Shida hii ni ya zamani kuliko magari. Colaba, Bombay (Mumbai ya leo, India), palikuwa na kituo cha sumaku ambacho watu wake walisoma sindano kwa macho, saa baada ya saa, na mara nyingi zaidi mambo yalipochafuka. Septemba 1859, ilipofika dhoruba kubwa iliyofuata mlipuko ambao mwanaastronomia Richard Carrington aliuona kwenye Jua akiwa Uingereza, wasomaji wa Colaba waliandika anguko la takriban nanotesla 1,600. Hadi leo watafiti wanaotaka kujua ukubwa wa dhoruba ile wanazirudia namba zao. Kisha ukaja mpango wa kuleta tramu za umeme mjini, na kituo kikalazimika kuhamia Alibag mwaka 1904. Mimi huwafikiria sana wale wasomaji. Siku moja kabla ya dhoruba walikuwa wakiandika namba ambazo hakuna aliyezitaka, na bila namba hizo za utulivu hakuna ambaye angejua lile anguko lilianzia wapi.

Somo la pili lilihusu saa, na lilituuma zaidi.

Kompyuta ya kituo hupokea muda kutoka kwenye setilaiti za GPS kupitia antena ndogo juu ya paa. Nilidhani jambo hilo limekwisha siku lilipofungwa. Wingu kutoka Jua linapougonga uga wa Dunia, magnetomita karibu zote duniani hurekodi mruko mdogo mkali ndani ya dakika moja hivi, popote zilipo. Siku moja mruko huo ulikuja, nikafurahi kwamba safari hii ni wa kweli, vituo vyote wameuona. Ila sisi tuliuona dakika nne baada ya wenzetu. Haiwezekani kimaumbile. Saa yetu ndiyo iliyokuwa imekosea.

Panya walikuwa wametafuna waya wa antena. Kompyuta haikulalamika; iliendelea kuhesabu kwa saa yake ya ndani, ikitangulia sekunde tatu hivi kwa siku, kimya kimya, miezi miwili na nusu. Kila sampuli ya kipindi hicho ilikuwa na muda wa uongo, na uongo wenyewe ulikua kila siku. Kilichotuokoa ni sentensi ya daftarini niliyoiandika bila kuipa uzito: "Panya wameonekana kijumbani." Tarehe yake ilitupa mwanzo, mruko ukatupa mwisho, na kati ya nukta hizo mbili tuliweza kunyoosha muda kwa makadirio. Data ile bado iko kwenye hifadhi ikiwa na onyo kwamba muda wake umesahihishwa. Anayetaka kupima mambo ya sekunde haruhusiwi kuitumia.

Miaka ya 1830 wanasayansi wa Kijerumani Carl Friedrich Gauss na Wilhelm Weber waliunganisha vituo vya sumaku vya sehemu mbalimbali, wakakubaliana siku maalumu za kusoma sindano kila baada ya dakika tano, wote wakifuata saa za Göttingen, mji wa Gauss na Weber, popote walipokuwa. Nikiwa shuleni ningelisoma hilo kama historia ya watu wenye bidii. Baada ya panya nililielewa. Mtandao ni saa kwanza, vifaa baadaye. Namba nzuri isiyo na muda sahihi haiwezi kusimama kando ya namba ya mwenzake. (Saa zote ninazozitaja hapa chini ni za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, kama tunavyoziandika daftarini.)

Kipokezi cha GPS chenyewe, kile cha utafiti, kilitufundisha kwa namna yake. Kazi yake si kutafuta mahali. Mahali pake panajulikana. Kinasikiliza masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60, na kwa kulinganisha jinsi yanavyocheleweshwa kwa viwango tofauti kinahesabu elektroni zilizo njiani kutoka kwenye setilaiti, kilomita 20,200 juu. Jua likizama, mara nyingi katika miezi ya Machi na Septemba, mapovu ya hewa yenye elektroni chache huchipuka juu ya ikweta ya sumaku na kupanda, na mawimbi yanayopita humo humetameta kama nyota. Kipokezi hupoteza setilaiti. Ndege, wapima ardhi, yeyote anayetegemea mahali sahihi, anaathirika.

Basi tukaanza kuona kumetameta kila siku, hata mchana, upande mmoja wa anga. Niliyekuwa nimeshaungua na gari sikutuma barua. Niliziweka siku kumi juu ya karatasi moja, nikaona kwamba kila siku jambo lile lilikuja dakika nne mapema kuliko jana. Setilaiti za GPS hurudi mahali palepale angani dakika nne hivi mapema kila siku, kwa kuwa njia zake zinafuata nyota, hazifuati Jua. Kwa hiyo kinachotembea dakika nne kwa siku hakitoki kwenye ionosfia, ile hewa ya juu yenye chaji. Kinatoka kwenye kitu kilichosimama jirani. Tukatoka nje kutazama: paa jipya la mabati upande uleule, mawimbi yanadunda juu yake na kutufikia mara mbili. Tukainua antena.

Sasa nifike kwa jambo ambalo hasa ndilo limenifanya niandike.

Agosti 2017, tarehe 29, kidhibiti chaji cha paneli zetu kiliungua. Betri moja ilikwishachoka. Nyingine ilikuwa nzima, nami niliweza kuibeba kwenda kuichaji mahali pengine na kuirudisha. Nilituma maombi ya kidhibiti kipya kwa ofisi iliyohusika siku hiyohiyo. Kilifika 14 Septemba. Katikati ya tarehe hizo mbili nilikuwa na umeme wa kifaa kimoja tu.

Nilikuwa na magnetomita, na nilikuwa na kipokezi cha mawimbi marefu. Hicho cha pili ni kifaa cha kuvutia mno. Ni fremu ya mbao iliyozungushiwa waya mara nyingi, imeunganishwa na kadi ya sauti ya kompyuta, inasikiliza mitambo mikubwa ambayo majeshi ya majini huitumia kuwasiliana na nyambizi, kwa mfano ule wa Ujerumani kwenye kilohezi 23.4. Mawimbi yake husafiri mbali kwa kudunda kati ya ardhi na sehemu ya chini ya ionosfia, kilomita 60 hadi 90 juu. Mlipuko ukitokea kwenye Jua, eksirei zake hufika kwa dakika nane, hulibadilisha tabaka hilo papo hapo, na nguvu ya mawimbi kwenye grafu hubadilika ghafla kisha hurudi polepole, umbo kama pezi la papa. (Mtambo ukizimwa kwa matengenezo mstari hukatika kama kwa kisu. Nilijifunza tofauti hiyo mapema.) Wakati huo kundi la madoa lilikuwa linakua upesi kwenye Jua, na kila aliyefuatilia mambo haya alikuwa akilizungumzia.

Betri nikakipa kipokezi cha mawimbi marefu. Magnetomita nikaizima. Nilijiambia kwamba sisi ni kituo cha pembeni, mkondo wa ikweta haupiti kwetu, grafu yetu ya sumaku ya wiki mbili itakuwa kama ya wiki mbili zilizopita. Niliandika daftarini, "Magnetomita imezimwa kusubiri kidhibiti," na nikalala usingizi mzuri.

Tarehe 6 Septemba nilikuwa kijumbani. Saa 9:10 ulikuja mlipuko wa daraja la X2.2 (X ndilo daraja la juu kabisa), pezi likapanda mbele ya macho yangu. Saa 12:02 ukaja mwingine, X9.3, ulio mkubwa kuliko wote wa mzunguko ule wa Jua. Siku hiyohiyo kimbunga Irma kilikuwa kinavipiga visiwa vya Karibi, na mawasiliano ya redio za masafa ya juu upande wa Dunia uliokuwa unatazama Jua yalikatika wakati watu wa uokoaji wakiyahitaji. Mimi nilikuwa na rekodi safi kabisa, pezi dogo na pezi kubwa kwenye grafu moja. Niliichapisha nikaibandika ukutani kando ya ramani. Ilikuwa siku yangu ya fahari kuliko zote pale.

Wingu la mlipuko ule lilifika usiku wa 7 Septemba. Dhoruba ya sumaku iliendelea tarehe 8, daraja la nne kati ya matano. Magnetomita yetu ilikuwa imezimwa.

Sikuona kosa. Vituo vingine viliirekodi, nikajua, na chetu hakikuwa cha maana. Mwaka mmoja na zaidi ulipita kabla ya kupokea barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu mkondo wa ikweta nyakati za dhoruba. Alijitambulisha, akatushukuru kwa miaka yote ya data, akaeleza kwa upole alichokuwa akifanya. Halafu akauliza: "Samahani, mna faili za tarehe 7 na 8 Septemba 2017? Huenda zimepotea tu wakati wa kupakia."

Kwanza nilimjibu kwamba achukue data ya kituo cha ikweta, ile ina kila kitu. Alijibu kwa mchoro, na mchoro huo ulinieleza kazi yangu baada ya miaka kadhaa ya kuifanya.

Magnetomita iliyo chini ya mkondo wa ikweta haipimi mkondo huo peke yake. Inapima kila kitu kwa pamoja: mkondo wa ikweta, ile mikondo mipana ya kila siku inayotufunika sote, na wakati wa dhoruba, mkondo mkubwa unaoizunguka Dunia maelfu ya kilomita juu na kushusha sumaku duniani kote. Namba moja inayotoka kifaani ni jumla ya vyote. Hakuna hesabu ya kuvitenganisha ukiwa na kituo kimoja. Lakini ukiwa na kituo cha pili, karibu na longitudo ileile, kilichosogea nyuzi sita hadi tisa nje ya ukanda, hicho kinapima yote isipokuwa mkondo wa ikweta. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Kinachobaki ni mkondo wa ikweta, umesafishwa. Watafiti wa Peru wamefanya hivyo kwa miaka mingi kwa vituo vyao vya Jicamarca, chini ya mkondo, na Piura, nje yake. Na kutokana na mabaki hayo unaweza kukadiria jinsi ionosfia inavyoinuliwa mchana, jambo linalosaidia kusema kama jioni mapovu yatakuja kuwasumbua watumiaji wa GPS.

Kituo chetu kiliwekwa pembeni makusudi. Thamani yake ilikuwa hukohuko kukosa kwake mkondo. Nilipoizima magnetomita sikupoteza data yetu tu. Niliifanya data ya wenzetu wa ikweta, waliokesha na kifaa chao siku zile mbili, isiweze kusafishwa. Nao ndio walikuwa na dhoruba waliyoingoja. Rekodi yangu nzuri ya mapezi mawili ilikuwa moja kati ya nyingi zilizofanana nayo, kutoka vituo vingi. Ile niliyoizima haikuwa na badala.

Nilimwandikia yule mwanafunzi ukweli wote, pamoja na sababu. Alinijibu kwa heshima kwamba ataziondoa siku hizo kwenye tasnifu. Sikumaliza kuisoma barua yake nikiwa nimekaa. Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na shimo, bila funguo.

Tangu hapo nimekuwa na maoni makali juu ya mambo mawili, na sitayapunguza makali. La kwanza ni betri. Wafadhili hupenda kununua kifaa, kwa kuwa kifaa kinapigwa picha. Kidhibiti chaji cha akiba hakipigwi picha, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya kifaa, lakini nimeona vituo vikinyamaza miezi kwa kukosa kimoja. Kituo kipya kisizinduliwe kabla vipuri vya miaka mitatu havijawekwa kabatini, na mtu wa kituo awe na ruhusa ya kununua fyuzi bila kuandika barua tatu. La pili ni matokeo kurudi kwa anayetunza. Nilifanya kazi miaka mingi bila mtu yeyote kunionesha ule mchoro wa kutoa namba mbili. Haikuwa siri, hakuna aliyefikiri mtu wa betri na panya anauhitaji. Ningeuona siku ya kwanza, nisingeizima magnetomita. Mafunzo tuliyopewa yalieleza jinsi ya kufunga kihisi, kukilinda na joto, kupakia faili. Hayakueleza faili inakwenda kufanya kazi gani ikifika.

Mchoro huo sasa uko ukutani, mahali palipokuwa na mapezi yangu.

Mei 2024 kundi la madoa lililopewa namba 13664 lilitupa mawingu kadhaa mfululizo, mengine yakiyafukuza yaliyotangulia. Siku mbili kabla nilikagua kila kitu: betri ya akiba imejaa, kidhibiti cha akiba kabatini, muda wa GPS sahihi, waya za antena ndani ya bomba la chuma upande wa kijumba ambako chuma hakidhuru. Ijumaa tarehe 10, saa 17:05, nikiwa mbali na kituo, simu ilianza kupokea ujumbe kutoka kwa wenzangu wa mtandao. Mruko ulikuwa umeonekana kote. Usiku huo sumaku ya maeneo ya tropiki ilianguka zaidi ya nanotesla mia nne kwa kipimo cha pamoja cha dunia. Ilikuwa dhoruba ya kwanza ya daraja la tano tangu Oktoba 2003, na huko Marekani matrekta yanayoongozwa na GPS yalisimama mashambani katikati ya msimu wa kupanda. Watafiti wengi wanaiita dhoruba ya Gannon, kwa heshima ya mwenzao Jennifer Gannon, aliyefariki mwanzoni mwa mwezi huohuo.

Sikuwa na la kufanya usiku ule. Kituo kilikuwa kinafanya kazi au hakifanyi. Nilifika alfajiri, nikafungua kijumba, nikawasha skrini. Mstari ulikuwapo, mzima, kutoka mruko hadi anguko hadi mtetemo wa kupona, bila pengo hata la dakika moja. Nilikaa kitini kwa muda nikiutazama tu. Kisha nikanakili faili kwenye diski mbili, nikakagua muda, nikabadilisha chembechembe za kukausha unyevu ndani ya kisanduku, nikaandika daftarini.

Wiki ile maombi ya data ya tarehe 10 na 11 yalikuja kutoka pande nyingi, nikayajibu yote siku hiyohiyo. Mwezi ulipokwisha, kituo cha utafiti cha Potsdam, Ujerumani, kilitoa kama kawaida orodha ya siku tulivu zaidi za Mei, zile ambazo watafiti huzitumia kama mstari wa chini wa kupimia. Nilizifungua moja moja. Mstari unapanda asubuhi, kilele adhuhuri, unashuka jioni, unalala. Nikaziweka kwenye folda moja pamoja na faili za dhoruba, nikaituma kwa wenzetu wa kituo cha ikweta kabla hawajaiomba.